Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi: Santuri ya Kwanza ya Black Sabbath

Haya ni maneno ya mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima. Mmoja wenu asome kwa sauti, na wengine wafuate kwa macho.

Weka karatasi ya somo hili mbele yako, ufuate maneno kwa kidole ninapoyasoma. Nitasoma polepole. Mwisho utakuta maneno ya kujifunza na maswali ya kuzungumza na wenzako.

Leo tutazungumza juu ya santuri moja. Santuri ni ile sahani nyeusi yenye mifereji myembamba, inayozunguka juu ya gramafoni na kutoa muziki. Santuri ndefu yenye nyimbo nyingi huitwa pia albamu. Hii ya leo ilitolewa Uingereza tarehe 13 Februari 1970, na ilikuwa ya kwanza ya bendi iitwayo Black Sabbath. Jina hilo husomwa Blek Sabath. Santuri yenyewe iliitwa kwa jina hilohilo.

Huenda wewe hupendi muziki wenye kelele. Si neno. Somo letu ni habari ya mfanyakazi aliyeumizwa na mashine, na jinsi alivyopata tena kazi ya mikono yake.

Mji wa viwanda

Mji wa Birmingham uko katikati ya Uingereza. Tangu zamani ni mji wa mafundi wa chuma. Humo zilitengenezwa kalamu za chuma, vifungo, bunduki, baiskeli na vipuri vya motokaa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ndege za Ujerumani ziliupiga mji huo mabomu mara nyingi. Vita vilipokwisha, viwanda viliendelea kunguruma, na watoto walicheza katika viwanja vilivyobomolewa.

Upande mmoja wa mji huo huitwa Aston. Hapo walikulia vijana wanne, wote wamezaliwa mwaka 1948 au 1949. Majina yao ni Tony Iommi, mpiga gitaa. Geezer Butler, mpiga gitaa la besi. Bill Ward, mpiga ngoma. Na Ozzy Osbourne, mwimbaji. Jina la Iommi hutamkwa Ayomi.

Walikuwa watoto wa wafanyakazi. Nyumba ya kina Osbourne ilikuwa na vyumba viwili vya kulala, na watoto sita. Ozzy aliacha shule akiwa na miaka 15. Kusoma kulimpa taabu sana, kwa kuwa herufi zilimchanganya. Baadaye ilijulikana kwamba alikuwa na tatizo la kusoma ambalo mtu huzaliwa nalo, wala si dalili ya ujinga. Alifanya kazi nyingi, na moja ilikuwa ya machinjioni. Butler alikuwa akijifunza kazi ya hesabu, naye alipenda vitabu. Ndiye aliyeandika maneno ya nyimbo nyingi za bendi. Basi mwenye kusoma sana aliandika, na mwenye kusoma kwa shida aliimba.

Ajali

Iommi alikuwa akilehemu katika kiwanda cha mabati. Kulehemu ni kuunga vyuma kwa moto. Usiku alipiga gitaa. Alipokuwa na miaka 17 alipata bendi iliyokuwa karibu kusafiri kwenda kupiga muziki Ulaya. Akaamua kuacha kazi ya kiwanda.

Siku ya mwisho ya kazi alirudi nyumbani kula chakula cha mchana. Akamwambia mama yake kwamba hatarudi tena kiwandani. Mama akamwambia aende akamalize siku yake kama inavyompasa mtu mwadilifu. Akaenda.

Siku hiyo mtu aliyeendesha mashine ya kukandamiza mabati hakuja kazini. Iommi akawekwa kwenye mashine hiyo, ambayo hakuizoea. Chuma kizito kilishuka juu ya mkono wake wa kulia. Aliuvuta kwa ghafula, na ncha za vidole viwili zikakatika: kidole cha kati na kidole cha pete.

Hapa inafaa nikueleze jambo. Mpiga gitaa hutumia mikono yote miwili. Mmoja hukwaruza nyuzi, na mwingine huzibana ili zitoe sauti mbalimbali. Wengi hubana nyuzi kwa mkono wa kushoto. Lakini Iommi hutumia shoto, kwa hiyo hubana nyuzi kwa mkono wa kulia. Vidole vilivyokatika ndivyo alivyovihitaji hasa. Madaktari walimwambia hatapiga gitaa tena.

Santuri ya mtu wa vidole viwili

Iommi alikaa nyumbani na huzuni kubwa. Msimamizi wake wa kiwandani akaja kumtazama, amechukua santuri. Akamtaka aisikilize. Iommi hakutaka hata kusikia habari ya gitaa, lakini mwisho aliisikiliza, na upigaji wake ulikuwa mzuri sana. Ndipo msimamizi akamwambia kwamba mpigaji yule, katika mkono wake wa kubana nyuzi, alitumia vidole viwili tu.

Mpigaji huyo alikuwa Django Reinhardt, mzaliwa wa Ubelgiji aliyeishi Ufaransa. Mwaka 1928, akiwa na miaka 18, gari alimokuwa akiishi liliwaka moto. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto viliharibika. Akajifunza upya kupiga gitaa kwa vile vilivyobaki, na akawa mmoja wa wapigaji mashuhuri kabisa wa Ulaya. Alifariki mwaka 1953, lakini santuri zake zilibaki.

Kofia za vidole

Iommi akaanza kutafuta njia. Alichukua chupa ya plastiki ya sabuni ya maji. Akaiyeyusha, akafinyanga vitufe viwili vidogo. Akavitoboa kwa chuma cha moto hata vikaingia katika vidole vyake, kama subana ya fundi cherehani. Kisha akavisugua kwa msasa siku nyingi mpaka vikawa laini. Plastiki iliteleza juu ya nyuzi, basi akakata ngozi katika koti kuukuu na kuibandika juu yake.

Taabu haikuisha. Kidole kilichofunikwa hakisikii uzi, hivyo ilimbidi ajifunze upya mahali pa kubana na nguvu ya kutumia. Nyuzi za kawaida zilikuwa nene, zikamuumiza. Akatafuta nyembamba, asizipate dukani. Mwisho alifunga nyuzi za banjo, ambazo ni nyepesi, katika gitaa lake. Akajifunza pia kupiga sauti chache zenye uzito mahali pa nyingi za haraka. Miaka iliyofuata alianza kulegeza nyuzi ili zibanike kwa urahisi, na uzi ukilegea hutoa sauti ya chini zaidi. Wasikilizaji walipenda uzito wa sauti hiyo, na wengi hawakujua kwamba sehemu yake ilitokana na jeraha.

Kutwa moja studio

Vijana wanne walianza kupiga pamoja mwaka 1968. Kwa muda bendi yao iliitwa Earth, lakini palikuwa na bendi nyingine yenye jina hilo. Mwaka 1969 wakachukua jina la sinema moja ya kutisha ya mwaka 1963, ndilo Black Sabbath.

Tarehe 16 Oktoba 1969 waliingia studio ya Regent Sound mjini London. Studio ni chumba cha kunasia sauti. Walipewa kutwa moja. Hawakuwa na fedha za kukaa zaidi, na hata hivyo waliona kutwa moja ni muda mrefu! Iommi na Ward walikuwa na miaka 21, Butler na Osbourne miaka 20. Walipiga wote kwa pamoja, kama walivyozoea mbele ya watu. Wimbo ukitoka vema, walikwenda kwenye mwingine. Msimamizi wa kazi alikuwa Rodger Bain.

Kazi ilipoanza tu, gitaa la Iommi liliharibika. Akachukua la akiba, aina ya Gibson SG, akaendelea. Gitaa la aina hiyo ndilo lililokuja kuwa alama yake miaka yote iliyofuata.

Wimbo wa kwanza huanza kwa mvua, radi na kengele, sauti zilizoongezwa baadaye. Kisha linaingia gitaa, polepole na kwa kishindo, kwa sauti tatu tu. Ya kwanza iko chini. Ya pili ni ileile, lakini juu. Ya tatu inashuka na kusimama mahali ambapo sikio halikutazamia, na moyo unapata wasiwasi. Walimu wa muziki wa Ulaya wa zamani waliuita mwachano huo wa sauti "shetani katika muziki".

Watu walisemaje?

Waandishi wengi wa magazeti hawakuisifu santuri hiyo. Wengine walidhani vijana hawa wanamwabudu shetani. Lakini ukisikiliza maneno ya wimbo wa kwanza, utaona ni habari ya mtu anayeogopa na kuomba msaada. Wenyewe walivaa misalaba ambayo baba yake Ozzy, fundi wa vyuma, aliwatengenezea. Msalaba uliochorwa juu chini ndani ya jalada uliwekwa na kampuni bila ya kuwauliza.

Wanunuzi hawakungoja ruhusa ya magazeti. Santuri ilifika nafasi ya 8 katika orodha ya mauzo ya Uingereza, na nafasi ya 23 Marekani. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo walitoa santuri ya pili, Paranoid, ikafika nafasi ya 1 Uingereza. Watu wengi wanaoandika historia ya muziki huihesabu ile ya kwanza kuwa mwanzo wa muziki uitwao metali nzito, ambao sasa hupigwa kila bara.

Tarehe 5 Julai 2025 wazee wale wanne walipiga pamoja mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, palepale Aston. Ozzy, aliyekuwa mgonjwa, aliimba akiwa ameketi. Alifariki tarehe 22 Julai 2025.

Funzo letu

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini tuisome methali hii vizuri. Haisemi kwamba kuvunjika kwa koleo ni jambo jema. Vidole vya Iommi havikuota tena, na wengi waliokatwa na mashine hawakupata santuri wala sifa.

Kwa hiyo chukua mambo mawili. La kwanza: usikubali kuendesha mashine ambayo hukufundishwa. Sema kwa adabu, "Nionyesheni kwanza." Huo si uvivu. Na wewe uliye msimamizi, usimweke mtu mahali pa mwenzake asiyekuja bila ya kumfundisha. La pili: mwenzako akiumia, usimpe pole tu na kuondoka. Msimamizi yule hakuweza kurudisha vidole. Alipeleka habari ya mtu mwingine aliyeumia na kufanya kazi tena. Ikiwa unajua habari kama hiyo, ipeleke. Na kwa kuwa sasa unajifunza kuandika, unaweza kuipeleka hata kwa barua.

Tuishie hapo kwa leo. Kwaheri, tukutane katika somo lijalo.

Maneno ya kujifunza. Yasome, kisha uyaandike mara tatu kila moja: santuri, kiwanda, mashine, kulehemu, subana, msasa, nyuzi, koleo, uhunzi.

Maswali ya kuzungumza

1. Iommi alifanya kazi gani kiwandani, na kwa nini siku ile aliwekwa kwenye mashine nyingine?
2. Eleza kwa utaratibu jinsi alivyotengeneza kofia za vidole.
3. Je, msimamizi alifanya vema kumletea santuri mtu aliyekuwa na huzuni? Toa sababu.
4. Mahali unapofanya kazi pana chombo gani kinachoweza kuumiza? Nani alikufundisha kukitumia?
5. Andika barua fupi, mistari mitano, kwa ndugu au rafiki aliyeumia kazini.