Taa na Mlango wa Pembeni katika Toyota Noah ya Zamani

Toyota Noah ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 kwa majina ya TownAce Noah na LiteAce Noah, iliingia Afrika Mashariki ikiwa tayari imetumika, na hadi leo ingali gari la familia nyingi nchini Tanzania. Makala hii inachunguza taa zake pamoja na vifaa vya usalama vya mlango wake wa pembeni, kwa hoja kwamba vifaa hivyo havifai kutazamwa kimoja kimoja, kwa kuwa kinachoonekana kuwa kero ya taa mara nyingi ni taarifa kuhusu mlango, na fundi anayeiondoa kero bila kutafuta chanzo chake huwa ameinyamazisha taarifa yenyewe.

Hoja hiyo hudhihirika zaidi katika taa ya ndani. Swichi yake ikiwekwa kwenye nafasi ya mlango, taa huongozwa na swichi nyingine ndogo iliyo kwenye fremu, yenye kipini kinachochomoza: mlango ukifungwa kipini hubonyezwa na umeme hukatika, ukifunguliwa, springi hukisukuma nje, waya wa taa ukaunganishwa na bodi ya gari, yaani ethi, na taa ikawaka. Swichi hiyo hiyo ndiyo kwa kawaida huwasha alama ya mlango kwenye dashibodi. Vumbi na maji ya kuoshea gari vikiingia humo, kipini huganda. Kikigandia ndani, taa haiwaki hata mlango ukiwa wazi, na dereva hana habari. Kikigandia nje, taa haizimiki, betri huisha usiku, na ndipo hufuata dawa iliyozoeleka ya kung'oa balbu au kukata waya. Balbu ikitolewa peke yake hasara ni ndogo, lakini waya wa swichi ukikatwa, dashibodi nayo hupofuka.

Upofu huo una uzito kutokana na jinsi mlango wa kusukuma unavyofunga. Komeo lake hushika kwa hatua mbili: ya kwanza huuzuia mlango usifunguke ghafla bila kuubana sawasawa, na ya pili ndiyo kufunga kamili. Mtoto anayeufunga kwa nguvu zake huishia mara nyingi kwenye hatua ya kwanza, hasa pale ambapo roli zimelika na mlango umeshuka kidogo, na kwa aliyeko kwenye usukani mlango huonekana umefungwa. Hata alama ya dashibodi haitoshi kuwa ushahidi wa mwisho, maana kipini hupima ukaribu wa mlango na fremu, wala si kushika kwa komeo. Kipimo cha kuaminika ni kutazama kwa nje iwapo ukingo wa mlango umelingana na bodi.

Loki ya watoto, ambayo ni kijiti kidogo kilicho ukingoni mwa mlango, hutenganisha kitasa cha ndani na komeo, huku kitasa cha nje kikiendelea kufanya kazi. Senta loki ni jambo jingine, kwani huzuia vitasa vyote viwili. Zikiwekwa zote mbili, abiria wa nyuma hatoki kwa mlango huo mpaka senta loki ifunguliwe na mtu wa nje avute kitasa. Tena mlango wenyewe ni mmoja tu, upande wa kushoto. Tanzania, Kenya na Uganda abiria hushukia ukingoni mwa barabara. Bujumbura au Bukavu, ambako magari hupita kulia, mlango huo huo hufungukia upande wa magari yanayopita.

Taa kubwa nazo zimetengenezwa kwa upande mmoja. Zikiwekwa dim, mwanga wake huinuka kushoto ili kumulika ukingo wa barabara, na hushuka kulia ili asipofushwe dereva anayekuja. Ukivuka mpaka wa Burundi, upande ulioinuka ndio unaomwelekea dereva huyo. Mpangilio huo huharibiwa hata Dar es Salaam, pale balbu za LED zinapotiwa ndani ya taa zilizobuniwa kwa balbu za halojeni. Wengine hununua balbu kali zaidi: H4 ya kawaida hutumia wati 55 kwa dim, hivyo mbili huvuta takriban ampea 9 katika volti 12, ilhali zile za wati 90 huvuta 15, na soketi huanza kuyeyuka. Kabla ya kufika huko inafaa kukagua kioo cha taa kilichogeuka njano kwa jua, na ethi yenye kutu. Ethi mbovu ya taa za nyuma hutambulika kwa urahisi usiku: dereva akikanyaga breki, indiketa huwaka hafifu bila kuguswa, kwa kuwa umeme uliokosa njia ya kurudi kwenye bodi hupitia balbu nyingine, na kubadilisha balbu katika hali hiyo hakusaidii kitu.