Tumpeleke Shule Gani Mtoto Wetu?

Dominika ya 23 ya Mwaka B. Somo la pili: Yakobo 2:1-5



Katika somo la pili la Dominika hii Mtume Yakobo anatuingiza katika kusanyiko la waamini. Watu wawili wanafika mlangoni. Mmoja amevaa pete ya dhahabu na mavazi ya kung'aa. Mwingine ni maskini, nguo zake zimechakaa. Wa kwanza anapewa kiti kizuri; wa pili anaambiwa asimame kule, au akae chini. Mtume hasemi kwamba pete ni dhambi. Analolikemea ni moyo uliokwisha kuwapima watu na kuwapangia mahali pao kabla hata ya kuwauliza majina.

Somo hili hutufikia mwezi Septemba, na hapa kwetu Tanzania mwezi huo ndio watoto wa darasa la saba wanapofanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Majumbani mwetu swali huwa moja: mtoto asubiri kupangiwa sekondari ya Serikali, au tumtafutie nafasi katika shule ya binafsi?

Miaka michache iliyopita baba na mama wa jumuiya moja ndogo ndogo walitujia na swali hilo. Walikuwa na shamba la migomba, urithi wa babu. Mama alitaka liuzwe, binti yao mkubwa apate ada ya shule ya bweni. Baba alikataa, kwa kuwa nyuma ya binti huyo walikuwapo wadogo watatu. Wakatuuliza: "Padre, kati yetu ni nani anayempenda mtoto?" Tulinyamaza kitambo, maana wote wawili walimpenda.

Ndugu wapendwa, tukumbuke tulikotoka. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 shule nyingi zilizokuwa za madhehebu ziliwekwa chini ya Serikali. Miongoni mwake ilikuwamo Pugu, ambako Mwalimu Julius Nyerere alifundisha hadi alipoacha kazi hiyo mwaka 1955. Kanisa lilipoteza majengo lililoyajenga kwa jasho, na wapo walioumia. Lakini katika mabweni ya shule za Serikali kijana wa Bukoba alilala kitanda cha jirani na kijana wa Lindi, Mkristo akala meza moja na Mwislamu, na mtoto wa mkulima akamshinda mtoto wa mkubwa katika hesabu. Wengi wetu tulijifunza huko kwamba taifa hili ni letu sote. Somo hilo halikuandikwa ubaoni, ila lilitukaa.

Baadaye shule za binafsi zikaongezeka. Tangu mwaka 2006 zikajengwa kwa wingi shule za kata, na tangu Januari 2016 ada ikafutwa katika shule za Serikali hadi kidato cha nne. Mtoto wa maskini akafunguliwa mlango uliokuwa umefungwa. Hata hivyo tusifiche ukweli. Katika shule nyingi za kata wanafunzi wamesongamana darasani, walimu wa hisabati na sayansi ni wachache, na mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili hujikuta ghafla akifundishwa kila somo kwa Kiingereza. Wapo mabinti wanaotembea mwendo mrefu, na njiani wapo wenye nia mbaya. Mzazi anayeogopa hayo hana kiburi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, unafundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao, na kwamba wawe na uhuru wa kweli wa kuchagua shule.

Lakini uhuru huo una maswali yake, nasi tungependa kila mzazi ajiulize matatu.

Kwanza, tunanunua nini? Kama tunalipia walimu wanaoingia darasani, usalama na malezi, tunatenda haki. Kama tunalipia jina la shule ili tulitaje harusini, tumeshamkalisha mtoto kwenye kiti cha mwenye pete. Januari 2023, lilipotoa matokeo ya kidato cha nne, Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule bora. Tuliona ni vema, kwani orodha hiyo haikutuonyesha kila shule ilianza na watoto wa namna gani.

Pili, mtoto ataketi na nani? Tajiri wa Injili hatuambiwi kwamba alimpiga Lazaro. Alipita tu langoni pasipo kumwona. Mtoto anayechukuliwa na basi mlangoni, akashushwa ndani ya ua, akarudishwa jioni, aweza kufika kidato cha sita bila kuwa na rafiki hata mmoja aliyelala na njaa. Siku moja atakuwa hakimu, daktari au mkuu wa wilaya. Atamwonaje Lazaro, kama hakumwona utotoni? Mzazi aliyechagua shule ya namna hiyo amtafutie mtoto mahali pengine pa kukutana na wenzake: kwaya ya parokia, Utoto Mtakatifu, likizo kijijini kwa bibi, jembe likiwa mkononi.

Tatu, nani atalipa? Ada isiyo na kipimo huliwa na watoto wanaofuata. Haifai mmoja avae viatu viwili, watatu watembee peku.

Nasi mapadre na watawa tujihoji. Tamko lile lile linaziomba shule za Kanisa ziwaangalie hasa maskini wa mali na wasio na msaada wa familia. Je, katika shule zetu wapo? Au tumeweka ada, vifaa na sare ambavyo ni mlinzi tosha wa kumrudisha langoni? Makatekista, mnaozijua nyumba zote, msichoke kutuletea majina ya watoto hao, hata tukikunja uso.

Wazazi wale hawakuuza shamba. Binti alikwenda shule ya kata. Baba akaingia katika kamati ya wazazi, na fedha za ndizi zikamlipa mwalimu wa hisabati wa Jumamosi, aliyemfundisha pamoja na watoto saba wa majirani wasio na kitu. Hatusemi mambo yalikuwa mepesi. Hisabati ilimtoa machozi mpaka mwisho. Wala hatusemi kila familia ifanye vivyo hivyo. Twasema hivi: walipochagua kwa ajili ya wao, walihesabu na wa wenzao.

Ee Mungu Baba, usiyependelea watu kwa sura zao, uwape wazazi hekima, walimu uvumilivu, na watoto wetu wote kiti kimoja mbele yako. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.