Nuru Isiyoonekana na Ghala la Chama

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Mwaka 1800, huko Uingereza, mwanafalaki William Herschel aliupitisha mwanga wa jua katika kioo cha pembetatu hata ukagawanyika rangi zake, kisha akaweka kipimajoto kando ya nyekundu, mahali jicho lilipoona patupu. Kipimajoto kikapanda. Mwaka uliofuata Johann Ritter, Mjerumani, akagundua mionzi mingine isiyoonekana upande wa pili, kupita urujuani. Mionzi hiyo yote ni ukoo mmoja na mawimbi ya redio na eksirei ya hospitali, nao huitwa mawimbi ya sumakuumeme. Hutofautiana kwa urefu: wimbi la redio laweza kuupita uwanja wa mpira, na la eksirei halifiki sehemu moja katika milioni ya milimita.

Mkulima aanikaye mahindi huitumia mionzi ya Herschel, yaani infraredi, kwa kuwa karibu nusu ya nguvu ya jua ifikayo ardhini ni ya namna hiyo. Kazi hiyo si ndogo. Kiwango cha Afrika ya Mashariki hakiruhusu unyevu wa mahindi kuzidi asilimia 13.5, kwani mahindi mabichi hushikwa na kuvu, na kuvu nyingine hutoa sumu, sumukuvu, isiyokwisha kwa kupikwa. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo na 125 kati yao wakafariki. Mengi ya mahindi yale yalikuwa yamelimwa na kuwekwa nyumbani mwao wenyewe.

Mionzi ya Ritter, urujuanimno, nayo ina msaada wake. Taa yake ikimulika gizani mahindi yaliyopasuliwa, punje zenye kuvu hiyo huweza kung'aa kijani chenye manjano. Hapo karani wa mizani hutamani kumaliza kazi: ling'aalo likataliwe, lisilong'aa lipokewe. Lakini king'aacho si sumu yenyewe, bali ni dutu nyingine itokanayo na kuvu. Gunia laweza kung'aa na sumu yake ikawa haba. Jingine lising'ae, nayo imo. Taa huonyesha la kushukiwa, hukumu ni ya maabara. Kumnyima mwanachama malipo kwa ushahidi wa taa peke yake ni dhuluma. Kulichanganya gunia lake na mengine kabla ya majibu ni hatari kwa wote. Liwekwe kando, liandikwe kitabuni, na sampuli ichukuliwe sehemu mbalimbali za gunia, mwenyewe akishuhudia. Aishikaye taa asiitazame usoni, maana huumiza macho.