USHIRIKA HAUANZI KWA MUHURI

Hotuba ya mwandalizi wa Chama mbele ya wakulima wa Kasulu na wafuga nyuki wa Kibondo



Mmeniita niwaeleze namna ya kuandikisha chama cha ushirika, nanyi mwataka kiwe tayari kabla ya mavuno ya maharage. Nitaeleza. Lakini kwanza hapana budi niseme jambo lisilopendeza. Nimeonyeshwa karatasi yenye majina 30. Humo nimekuta majina ya vijana walio Dar es Salaam, na jina la mzee tuliyekwisha kumzika. Nilipouliza niliambiwa, "Mwalimu, tujaze hesabu tu, muhuri ukija, watu watakuja." Ndugu zangu, sivyo.

Twajua tulikotoka. Wakati wa Waingereza, Buha ilihesabiwa kuwa ghala la vibarua. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na mazao ya kuuza yalikuwa haba. Basi babu zetu wakaenda kuwa manamba katika mkonge wa Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda shirika lao la kuandika vibarua, likaitwa SILABU. Tazameni jambo hilo! Matajiri waliungana ili kumpata mtu wetu, na mtu wetu akaenda peke yake.

Wenzetu wa Kilimanjaro waliungana mwaka 1925 kwa ajili ya kahawa yao. Sheria ya ushirika ikatoka mwaka 1932, na KNCU ikaandikishwa mwaka 1933. Watu walitangulia, karatasi ikafuata. Tena mwaka 1976 Serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Karatasi yaweza kutolewa, na yaweza kuondolewa. Kinachobaki ni watu wanaojua mali yao ni ipi na iko wapi.

Sasa nieleze kazi yenyewe. Sheria tunayoifuata ni ya mwaka 2013. Chama cha mazao chataka watu wasiopungua 20, wenye umri wa miaka 18 au zaidi. Kwanza mkutane, mchague kamati ya waanzilishi. Kamati hiyo ifanye hesabu: kila mtu atavuna magunia mangapi? Mizani, ghala, karani na mlinzi vitagharimu kiasi gani? Je, ushuru utakaokatwa katika kila kilo utatosha? Kama hesabu haikubali, msijidanganye.

Kisha yaandikwe masharti: kiingilio, bei ya hisa, nani atatia sahihi benki, na mkutano mkuu utaitwa lini. Yasomwe kwa sauti mbele ya wote, kifungu kwa kifungu, hata asiyejua kusoma ayaelewe na kuyapigia kura. Baada ya hapo maombi hupelekwa kwa Afisa Ushirika wa Wilaya, mpaka kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Siku hizi maombi hupitia kompyuta, lakini kompyuta haitawahesabia magunia yenu.

Mkipata cheti, chama huwa kama mtu mbele ya sheria. Chaweza kumiliki ghala, kukopa benki na kushtaki. Chaweza pia kushtakiwa. Deni lililokopwa na kiongozi mmoja kwa jina la chama laweza kuwa deni la chama. Ndiyo maana nayakataa majina ya bandia: marehemu hawezi kuuliza swali mkutanoni.

Nilipokuwa mtoto, baba yangu alipeleka kahawa katika chama kimoja chenye cheti kizuri ukutani. Alipewa stakabadhi, malipo ya pili hayakuja. Wanachama walipolidai daftari, waliambiwa liko nyumbani kwa mweka hazina. Masharti yalisemaje? Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyepata kuyasoma. Mwaka ule dada yangu aliacha shule. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Najua haraka yenu ina sababu. Mlanguzi huja maharage yangali mabichi shambani, wakati mtoto anadaiwa sare. Hutoa fedha kidogo, kisha hurudi kuchukua gunia la lumbesa. Lakini yatupasa kuulizana leo: siku akija tena na fedha mkononi, nani atavumilia na kupeleka mzigo ghalani? Chama ambacho wanachama wake huuza nusu ya mazao usiku hakiwezi kumlipa karani wake.

Mama zangu, nanyi mnaolima maharage haya muandikwe kwa majina yenu, msikae nyuma ya majina ya waume. Katika ushirika kila mwanachama ana kura moja, mwenye hisa nyingi na mwenye hisa moja.

Wengine wameniomba niwe mwenyekiti. Nakataa. Nimekuja kueleza, uongozi ni wenu. Mkimchagua mtu kwa kuwa ni wa Chama chetu, siku akikosea mtaogopa kumwondoa.

Ndugu wa Kibondo, asali yenu na nta yenu zataka hesabu yake mbali. Msijiunge na maharage ya Kasulu kwa kutafuta wingi tu. Anzeni na mizinga yenu, mjue kila mmoja hurina kiasi gani kwa mwaka.

Basi karatasi hii ya majina naomba tuichane. Jumamosi ijayo kila anayetaka aje mwenyewe, aseme jina lake, eka zake, magunia anayotazamia, na deni alilo nalo kwa mlanguzi. Tukipata 20, tutachagua kamati siku ile ile. Tukipata 14, tutangoja. Msimu huu hao 14 wakodi ghala moja, wapime kwa mizani moja na kuandika katika daftari moja, mpaka majirani waje kuona wenyewe.