Sifa za Kazi ya Mitandao: Lugha Zetu ni Ujuzi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na vijana wa Kaptembwo, Nakuru)

Vijana wengi wa mtaa huu wamemaliza shule, nao watuuliza: mtu awe na sifa gani ndipo aandikwe kazi ya mitandao ya kijamii? Sisi ni watu wa reli, na masomo yetu yaliishia shule ya msingi ya misheni. Lakini swali la sifa twalifahamu. Katika reli mtu hapewi bendera na taa ya ishara mpaka azijue kanuni.

Wengine hudhani kuwa sifa ni kuwa na simu nzuri. Simu ni chombo tu, kama nyundo. Kazi zenyewe ni za namna nyingi. Yuko atengenezaye picha za kuchekesha na kutafuta matangazo. Yuko aandikaye habari za duka na kuwajibu wateja. Tena yuko mkaguzi, ambaye hutazama yale watu wanayoyapeleka mtandaoni na kuyaondoa mabaya. Leo twataka kusema juu ya huyu mkaguzi.

Sifa yake ya kwanza ni lugha. Kampuni ya Sama ya Nairobi iliwaandika wakaguzi wa Facebook kutoka nchi mbalimbali za Afrika kwa sababu walijua Kiamhari, Kisomali, Kizulu na lugha nyingine zetu.

Sifa ya pili ni kuyajua maisha ya watu. Chukueni neno "madoadoa". Katika kamusi ni alama tu juu ya ngozi au nguo. Hapa Bonde la Ufa limetumiwa kumtaja jirani wa kabila jingine atakiwaye kuondolewa, na mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ililitia katika orodha ya maneno ya chuki. Mtu wa Ulaya hawezi kuuona moto uliomo. Watu wa Nakuru walioiona Januari 2008 wanauona mara moja.

Basi, ndugu, huu ni ujuzi, na ujuzi hulipwa. Gazeti la Time la Marekani liliandika Februari 2022 kwamba baadhi ya wakaguzi hao walipata kama dola 1.50 kwa saa, huku wakitazama mauaji na mambo machafu siku nzima. Daniel Motaung wa Afrika Kusini alifika mahakamani Mei 2022, akidai kuwa hakuambiwa kweli juu ya kazi hiyo, na kwamba alifukuzwa kwa kuwaunganisha wenzake. Desemba 2024 ilijulikana kwamba daktari amewakuta zaidi ya wakaguzi 140 na ugonjwa wa akili uletwao na mambo ya kutisha.

Kwa hiyo sifa ya tatu ni kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi. Sheria ya Ajira ya 2007 yataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe. Kijana, uliza: Nitatazama nini? Saa ngapi? Mshahara kiasi gani? Nikiumia moyo, nani atanitibu? Tena mwajiri wangu hasa ni nani? Swali hili la mwisho ni kubwa. Kampuni ya Meta, mwenye Facebook, ilisema kuwa haiwezi kushtakiwa Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ilisema yaweza.

Sifa ya nne hamtaikuta katika tangazo lolote la kazi: kusimama na wenzako. Tarehe 1 Mei 2023 wakaguzi zaidi ya 150 walikutana Nairobi wakapiga kura kuunda chama chao. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki hiyo, awe wa reli au wa kompyuta.

Vijana wetu, mkiulizwa mna sifa gani, msijibu, "Hatuna kitu, twajua lugha tu." Lugha ndiyo iliyowafanya matajiri wa mbali waje kuwatafuta. Itajeni kwanza, kisha ulizeni bei yake.

Umoja ni nguvu.