Karatasi za Ofisini, Sanaa ya Nyumbani

(Mazungumzo kwa vijana wanaosomea ubunifu wa michoro)



Kila siku fomu, barua na mabango hutoka katika ofisi za umma. Nyuma ya kila karatasi yupo mtu aliyechagua ukubwa wa herufi na nafasi ya kuachwa wazi. Mazungumzo ya leo yanamhusu mmoja wao, Kurt Schwitters, aliyezaliwa Hannover, Ujerumani, mwaka wa 1887.

Schwitters alisomea uchoraji mjini Dresden. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza aliajiriwa kuchora michoro ya kiufundi katika kiwanda cha chuma. Mwaka wa 1924 alifungua ofisi yake ya matangazo, na kampuni ya wino ya Pelikan ikawa mmoja wa wateja wake. Kuanzia 1929 hadi 1934 aliifanyia kazi serikali ya mji wa Hannover, akisanifu karatasi zake rasmi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa riziki yake. Lakini tangu 1919 alikuwa pia akiokota tiketi, vipande vya magazeti, vitambaa na mbao, akivibandika na kuvipigilia kwenye ubao hadi vikawa picha. Sanaa hiyo aliiita Merz, silabi aliyoikata kutoka kwa neno Kommerz katika tangazo la benki. Karatasi za biashara za aina hiyo zilikuwa sehemu ya malighafi yake.

Kisha mambo yakaharibika. Wanazi walipotwaa mamlaka, sanaa yake ilitangazwa kuwa mbovu na ikaonyeshwa hadharani ili watu waikejeli. Mwaka wa 1937 alikimbilia Norway. Wajerumani walipoivamia nchi hiyo mwaka wa 1940, akakimbilia Uingereza, na huko akafungwa katika kambi ya Kisiwa cha Man kwa sababu tu alikuwa Mjerumani. Kambini vifaa vilikuwa haba, basi akachora juu ya vipande vya linoliamu ya sakafuni na kufinyanga sanamu kwa uji. Mwaka wa 1943 mabomu yaliteketeza nyumba yake ya Hannover, pamoja na kazi aliyoijenga ndani yake kwa miaka mingi.

Hakukata tamaa. Katika mji mdogo wa Ambleside aliuza picha za watu na za mandhari ili apate chakula, na mwaka wa 1947 akaanza kupamba ukuta wa ghala moja karibu na hapo. Alifariki Januari 1948 kabla ya kuumaliza. Leo ukuta huo umehifadhiwa katika jumba la sanaa la Hatton, Newcastle.

Vijana, mheshimuni mteja na mmalizie kazi yake kwa wakati. Lakini wekeni sanduku nyumbani la mabaki ya karatasi, vitambaa na risiti, na mtenge saa chache kila wiki za kazi isiyoagizwa na mtu. Schwitters alipoteza ofisi, nyumba na nchi yake. Mazoea hayo hayakumtoka.