Utepe Si Njia



Muulize mtu yeyote kijijini ni nani aliyeifungua njia ya kwenda kisimani, naye atakushangaa. Njia ile haikufunguliwa na mtu, ilifunguliwa na miguu. Alitangulia mmoja, akafuata wa pili, majani yakalala, mizizi ikatokeza, na baada ya miaka watoto wakazaliwa wakaikuta, wakadhani iliumbwa pamoja na mlima.

Leo nataka kuzungumzia njia ya namna nyingine, yaani ile inayochaguliwa kabla mguu haujapita. Nilikuwa katika milima ya Usambara, juu ya mji wa Lushoto, kwa siku 5, pamoja na watu 11 waliojitolea. Kazi yetu ilikuwa kutafuta mahali pa kupitisha njia mpya ya watembeaji, yaani wageni na wenyeji wanaopenda kupanda milima kwa miguu na kulala msituni. Ilitakiwa ianzie kwenye kijiji kimoja kilicho kando ya msitu, ipande hadi ukingo wa mlima, pale ardhi inapokatika ghafla na mtu akaiona nyika imetandikwa chini kama mkeka. Tulichukua tepe za plastiki za rangi ya chungwa. Kila tulipoona panafaa tulifunga utepe mmoja kwenye tawi, usawa wa macho, ili mtu aliyesimama penye utepe huu auone ule unaofuata.

Katika kundi letu walikuwamo vijana wanaoongoza wageni, akina mama wawili wakulima, mwalimu wa shule ya msingi, Bwana Misitu, na mzee mmoja ambaye ujanani alikuwa akipasua mbao kwa msumeno wa mkono. Hakuna aliyelipwa. Chakula kilikuwa ugali na maharage ya sufuria moja. Huko Usambara na Upare kazi ya namna hiyo huitwa msaragambo, na mtu akiitwa kwenye msaragambo haulizi posho ni kiasi gani.

Asubuhi ya kwanza kila mtu alikuja na panga lake. Bwana Misitu akatwambia tuyarudishe nyumbani yote. Vijana wakanung'unika: njia itapatikanaje bila panga? Akawajibu kwamba mti ukishakatwa haurudi, lakini utepe ukifungwa vibaya hufunguliwa. Basi kwa siku zote 5 hatukukata hata kijiti.

Ndugu wasikilizaji, pengine mtasema kufunga utepe ni kazi ya mtoto. Hata mimi nilidhani hivyo. Kumbe jambo la kwanza katika kazi hii si kujua watu watapita wapi, bali kujua maji yatapita wapi. Maji ndiyo msafiri wa kwanza wa kila njia. Ukiichora njia inyooke kutoka bondeni hadi kileleni, mvua ya kwanza itaigeuza mfereji, na mvua ya kumi itaigeuza korongo. Nani hajaziona huko milimani zile njia za zamani zilizochimbika hata mtu akipita ndani yake huonekana kichwa tu?

Kwa hiyo njia hupitishwa ubavuni mwa mlima, ikipanda polepole. Kipimo tulichokifuata ni kwamba ukienda mita 10 mbele, usipande zaidi ya mita 1 juu. Tena njia isizidi nusu ya mwinuko wa mlima wenyewe, kwa sababu ikizidi hapo maji hayaikati na kwenda zake, bali huifuata. Uso wa njia huinamishwa kidogo kuelekea bondeni, na kila baada ya mwendo fulani njia hushushwa hatua chache kabla ya kupanda tena, ili maji yaliyokusanyika yapate mahali pa kutokea.

Wataalamu wana kifaa cha mkononi cha kupimia hayo. Sisi tulitumia miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, na uzi wenye jiwe ukining'inia katikati. Wakulima wa Lushoto wanakijua sana kipimo hicho, kwani ndicho kinachotumika kupima makingamaji mashambani. Miguu yake ilikuwa imeachana mita 2, nasi tukaweka kigogo cha sentimita 20 chini ya mguu mmoja. Uzi ulipotulia penye alama ya katikati tulijua kwamba mwinuko ni ule tuutakao. Wale akina mama wawili walikishika kwa wepesi kuliko sisi sote.

Sasa niwasimulie kosa langu.

Siku ya tatu mimi na kijana mmoja tulipewa sehemu ya katikati. Tukagundua mahali pazuri ajabu. Palikuwa na kijito kinachoteremka juu ya mawe, kivuli siku nzima, mbega wakirukaruka juu, na kando ya maji yale maua madogo ya zambarau ambayo ofisa mmoja wa Kijerumani aliyapeleka kwao mwaka 1892, na leo yanapandwa katika vyungu madirishani duniani kote. Mwinuko ulikuwa mwema kabisa, uzi ukitulia kila tulipopima. Tukafunga tepe 43. Nilirudi kambini nikijisifu, na usiku nikaota wageni wakipiga picha.

Asubuhi tulikuta tepe hazipo. Kijana akasema ni watoto, mwingine akasema ni nyani. Tukazitafuta chini hatukuona hata moja. Tulipotelemka kijijini tukaitwa kwenye nyumba ya bibi mmoja wa makamo ya mama yangu mzazi. Nikamwamkia, akaitika, akatukaribisha viti. Kisha akaingia ndani akatoka na ungo. Tepe zetu zilikuwamo, zimekunjwa moja moja kama leso.

"Mwanangu," akasema, "nimekuletea mali yako. Sikuikata. Nimeifungua."

Nikamweleza kwa adabu kwamba tuna barua ya kijiji, na kwamba mkutano ulifanyika. Akauliza ulifanyika lini. Nikamtajia siku. Akacheka. "Siku hiyo ni ya gulio. Wanawake wote tulikuwa sokoni na mboga zetu. Walioitikia ni nani?"

Sikuwa na jibu. Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, akanionyesha tangi la saruji na bomba. Maji ya tangi lile ndiyo yanayokunywewa na nusu ya kijiji, na yanatoka kwenye kijito chetu kizuri. "Mgeni akichoka huko juu ataoga," akasema. "Akiumwa tumbo atakwenda kando ya maji. Sisi huku chini tutapika kwa nini?" Halafu akapunguza sauti akasema kwamba pale penye ule mti mkubwa, ambapo mimi nilifunga tepe tatu kwa kuupenda, ndipo ukoo wake huenda kufanya tambiko. Hapaendwi na kila mtu, tena hapaendwi kila siku.

Ndugu wasikilizaji, nilipima mwinuko kwa uzi na jiwe, lakini sikupima jambo hili. Niliona maji nikayaita mandhari, na mwenzangu aliyaona akayaita chakula cha jioni.

Msidhani mambo yaliisha hapo. Jioni kulikuwa na ubishi mkali kambini. Yule kijana niliyekuwa naye alikasirika, nami siwezi kumlaumu. Alisema vijana wa pale hawana kazi, kwamba mgeni hulipia uzuri, na kwamba tukiihamisha njia watakosa kijito na kuongeza mwendo wa saa nzima. Akatukumbusha kwamba wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mmoja wa wale akina mama akamjibu kwa upole, "Ni kweli, mwenyeji apone. Lakini akinyweshwa maji machafu atapona?"

Kisha yule mzee wa msumeno, ambaye siku zote alikuwa kimya, akasema neno ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria. Juu ya kijito kile, alisema, imebaki mikulo mikubwa michache. Mkulo ni ule mti ambao watu waliufuata mno kwa ajili ya mbao zake nzuri. Alituambia kwamba katika kazi yake ya zamani shida haikuwa kuangusha mti, shida ilikuwa kuzitoa mbao. Mahali pasipo na njia mti ulisalimika. "Mnataka kuwatengenezea njia laini, isiyo na mwinuko, mpaka miguuni pa mikulo," akasema. "Njia nzuri haibagui mguu. Atapita mgeni mwenye kamera mchana, na usiku atapita mwenye ubao kichwani."

Bwana Misitu akainamisha kichwa. Sidhani kama tungeambiwa jambo hilo na mtu mwingine yeyote.

Siku ya tano bibi alitangulia mbele yetu, mkononi ana fimbo. Akatuonyesha njia ya zamani waliyoitumia wazazi wake kupeleka mazao upande wa pili wa mlima. Iko mbali na maji na haifiki kwenye mikulo. Lakini nisiwadanganye kwamba ilikuwa kamilifu, kwani wazee walipanda moja kwa moja, na mahali pamoja ni kama ngazi. Pale tulilazimika kuipindisha mara 3 kama nyoka ili kupata mwinuko wetu. Tulitumia tepe za buluu, na kila utepe tuliuandika namba kwa kalamu ya wino mzito ili tujue ukipotea. Kijito hakionekani, isipokuwa penye mwamba mmoja ambapo maji yanasikika kwa mbali. Yule kijana alifika hapo, akasikiliza, akasema, "Basi, angalau wasikie." Hakufurahi, lakini alifunga utepe.

Tulipokuwa tukipima, mzee wa msumeno alinikumbusha historia ambayo watu wa Usambara hawajaisahau. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwalazimisha wakulima, kuanzia bonde la Mlalo, walime kwa matuta ili kuzuia mmomonyoko. Kuzuia mmomonyoko ni jambo jema, hakuna anayebisha. Lakini amri ilitoka juu, aliyekataa aliadhibiwa, na kazi ile iliwavunja watu migongo. Wakaichukia, na chuki hiyo ikawapa wapigania uhuru wafuasi wengi milimani. Mpango ukaachwa kabla ya Uhuru wa mwaka 1961. Katika miaka ya 1980 ulikuja mradi mwingine wa kuhifadhi udongo kwenye milima ileile, safari hii pamoja na majani ya Guatemala yanayopandwa kwenye kingo za mashamba na kumlisha ng'ombe zizini. Wakulima wengi wakayapanda. Udongo ulikuwa uleule, na mvua ni zilezile.

Na hata mbali na kwetu mambo ni hivyo. Huko Marekani kuna njia ya watembeaji ipitayo katika milima ya Appalachia, yenye urefu wa kilomita zipatazo 3,500, ikikatiza majimbo 14. Wazo lake lilitolewa na Benton MacKaye mwaka 1921, na ikaunganishwa yote kufikia mwaka 1937, kazi kubwa ikifanywa na watu wa kujitolea mwisho wa juma na siku za mapumziko. Hadi leo inatunzwa zaidi na watu wa kujitolea. Lakini njia anayopita mtembeaji wa leo si ileile ya mwaka 1937. Karibu yote imekwisha kuhamishwa au kujengwa upya, hapa kwa sababu ya mmomonyoko, pale kwa sababu ya barabara za magari au wenye mashamba. Walioifungua hawakuona aibu kuihamisha.

Ndugu wasikilizaji, katika miji yetu tunazijua alama nyingine. Tunaijua ile X nyekundu ambayo mtu hurudi kutoka kazini akaikuta ukutani mwa nyumba yake. Tunavijua vigingi vya saruji ambavyo hupigwa shambani mwenye shamba akiwa msibani. Mara nyingi aliyeweka alama hizo anayo barua, na anao muhtasari wa mkutano, kama mimi nilivyokuwa nao. Tofauti ni kwamba X haifutiki kwa mkono wa bibi kizee, wala kigingi hakikunjwi kikawekwa kwenye ungo.

Njia yetu bado haijakatwa. Bwana Misitu amesema tungoje mvua za masika, tuipite tena tukiwa tumelowa, tuone maji yanakwenda wapi. Baada ya hapo kutakuwa na mkutano mwingine, na siku iliyochaguliwa si siku ya gulio. Huenda tepe za buluu nazo zikafunguliwa.

Zile 43 za rangi ya chungwa bibi alinirudishia zote. Nilipozihesabu nyumbani nilikuta ziko 42. Mjukuu wake alikuwa amefungia nywele moja, naye hakutaka kuitoa.